Kupendezesha baraza Arusha na Moshi: nunua nini kwanza?

Wengi tunaanza na viti, maana vinapakiwa kwenye kirikuu mchana na jioni umeshavikalia. Ushauri wangu ni uanze chini: sakafu, kisha vyungu na mimea, viti mwisho. Masika ya Machi hadi Mei yakikukuta na viti vizuri juu ya tope, utavirudisha sebuleni.

Sakafu

Kwa baraza lisilo na paa, namba moja ni pevingi, yaani matofali ya saruji yanayopangwa chini. Maji yanapenya kwenye maungio, na tofali likititia fundi analing'oa, anaongeza mchanga na kulirudisha. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa watu kupita. Kabla hujalipa, gonganisha mawili: zuri linalia, bovu linatoa sauti butu na kumwaga mchanga mkononi. Na kama kiwanja chako kina udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, fundi asipange juu yake. Autoe, ajaze moramu (udongo wa changarawe), ashindilie. Gharama ya kazi hii mara nyingi haimo kwenye bei anayokutajia, kwa hiyo uliza mapema.

Kwa baraza lenye paa, sakafu ya saruji iliyopigwa niru, yaani kulainishwa juu kwa saruji tupu, inashinda kwa bei. Mdai fundi mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea nje, na imwagiliwe siku 7 angalau, la sivyo itapasuka.

Marumaru ni namba tatu, tena zile za kukwaruza. Zinazong'aa ziache ndani. Ikinyesha na bibi akatoka na kandambili, hapo ndipo utajua. Nyasi za plastiki naziweka mwisho kabisa: zinashika vumbi kiangazi chote na kunuka zikilowa.

Vyungu na mimea

Vya saruji kwanza, plastiki nene pili, vya udongo wa mfinyanzi tatu. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyopendeza zaidi, ila vinakauka upesi. Arusha, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, utavimudu. Moshi mjini, kuliko chini zaidi na kwenye joto, utabeba ndoo asubuhi na jioni. Kisicho na tundu usichukue hata kwa nusu bei. Visahani vya chini vimwage mara kwa mara, kwani mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo namna hiyo.

Penye jua kali nunua bogenvilia au mshubiri. Zote mbili zinastahimili kusahauliwa. Jikoni pakiwa karibu, ongeza rozimeri na mchaichai. Kivulini, sale (mmea wa majani marefu wa jamii ya dracaena) ndilo langu, na Mchaga hahitaji kuelezwa heshima yake.

Ila sale lina adui. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na WHO. Tumezoea kuiona kwenye meno yenye madoa ya kahawia. Jamii ya sale huionyesha kwenye majani, ncha zinakauka na kuwa kahawia wakati shina bado ni zima. Muuza miche atakushauri mbolea, na baadhi ya mbolea za fosfeti zina floraidi pia. Nunua pipa, kinga maji ya mvua, umwagilie hayo. Majani yaliyoungua hayaponi, angalia yanayochipua.

Viti

Mninga au mtiki ukiweza. Ukishindwa, chuma cha fundi welda, na hapo inama utazame miguu: bomba lililoachwa wazi chini hunywa maji na kuoza kutokea ndani, rangi ikiwa bado inang'aa. Mwambie azibe kwa bati na kulichomelea, apake rangi ya kuzuia kutu, ndipo aweke unayoipenda. Saipras ni nafuu na inafaa chini ya paa tu. Plastiki nayo si aibu, mradi uchague kiti kisichopinda miguu ukikikalia pale pale dukani.