Procmail baada ya miaka sita: usiisahau herufi w

Ofisi yetu hapa Mombasa hutoa mizigo bandarini, na kila asubuhi hati za shehena (B/L) hutujia kwa barua pepe. Procmail, programu ya kuchambua barua pepe zinapofika kwenye seva, huzitambua kwa kichwa cha barua, kisha huzimimina kwenye programu niliyoiandika, ambayo huchomoa kiambatisho na kukiweka kwenye folda ya meli yake. Zamani karani alishinda hadi adhuhuri akifanya kazi hiyo. Kanuni yenyewe ni hii tu:

:0 w
* ^Subject:.*B/L
| /usr/local/bin/chomoa

Itazame hiyo w. Mwanzoni sikuiweka. Siku moja diski ikajaa: programu yangu ikaisoma barua yote, ikashindwa kuandika kiambatisho, ikatoka na kosa. Bila w, Procmail haiulizi programu imemalizaje. Inahesabu barua imefika. Barua kumi na moja zikapotea, hazikurudi kwa waliozituma wala hazikubaki kwenye foleni. Kontena la mteja wetu likalala bandarini siku mbili zaidi, na hilo liliniuma sana. Ukiiweka w, programu ikishindwa barua inashuka kwenye kanuni zinazofuata na mwishowe inatua kwenye sanduku la kawaida. Siku hizi natanguliza pia kanuni ya :0 c: ya kuweka nakala pembeni. Ile nukta pacha ya mwisho hulifunga faili, barua mbili zisije zikaandikwa kwa wakati mmoja zikavurugana.

Kwa wepesi na uaminifu wa kazi naipa Procmail alama za juu. Umri wake ndio unaonitia wasiwasi. Toleo 3.22 lilitoka 2001, kisha kimya kirefu. Mwaka 2014 Philip Guenther, aliyekuwa akiitunza, mwenyewe aliwashauri watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD waiondoe kwa kuwa si salama. Toleo 3.24 lilikuja 2022, baada ya mwanzilishi wake, Stephen van den Berg, kuirudia.

Anayeanza leo na Dovecot, seva ya barua pepe, namshauri achukue Sieve, lugha ya kuandikia kanuni za kuchambua barua. Peke yake haiendeshi programu za nje. Inahitaji nyongeza ya Pigeonhole, na programu lazima iwe kwenye saraka aliyoiruhusu msimamizi. Usumbufu huo naupenda, kwani mtumiaji hawezi kujiendeshea chochote atakacho.

Yoyote utakayoichagua, kabla ya kuikabidhi barua za wateja andika programu ya mstari mmoja, exit 1, yaani inayotoka na kosa, jitumie barua, kisha uitafute imeangukia wapi.