Miezi minne na Google Search Console kwenye duka langu la korosho

Nauza korosho zilizobanguliwa, za kukaanga na mbichi, kutoka hapa Chuno, Mtwara. Tovuti yangu ina bidhaa 14 tu. Kwa mwaka mzima wateja wote walikuwa wa WhatsApp. Kutoka Google hakuja hata wa kuulizia bei akapotea.

Kabla ya kuanza kutumia Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi tovuti yake inavyoonekana kwenye utafutaji, nilimlipa fundi aliyenijengea tovuti shilingi 300,000 zaidi "anipandishe Google". Alinijazia kila ukurasa korosho korosho Mtwara korosho bei nafuu, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mteja asizione. Nyuma ya ukurasa akapachika orodha ndefu ya maneno ya utafutaji. Google walishasema tangu 2009 kwamba orodha ile hawaitumii kupanga matokeo, na maandishi ya kuficha wanayahesabu kama udanganyifu. Fundi siku hizi hapokei simu.

Search Console ni ya bure. Kazi iko kwenye kuthibitisha kwamba tovuti ni yako: unapewa mstari wa herufi na tarakimu, unaubandika kule uliponunulia jina la tovuti. Mimi na mpwa wangu tulihangaika jioni mbili, bando likaisha. Ripoti ilipofunguka akaniita.

"Shangazi, hebu ona. Kurasa zako tisa Google imezifikia, ila zimeambiwa zisionyeshwe."

Neno lenyewe ni moja tu, noindex. Fundi aliliweka wakati anajenga, watu wasione kazi haijaisha, kisha akalisahau. Yaani nililipia bango juu ya duka huku shata limeshushwa! Mpwa alilifuta kwa dakika kumi.

Wiki mbili baadaye ndipo nikaanza kuona utamu wa chombo hiki, lile jedwali la maneno ambayo watu wameyaandika wakitafuta. Korosho zangu za kukaanga nilikuwa nimezipa jina la Kusini Dhahabu 01, nikijiona mjanja. Nani anatafuta Kusini Dhahabu? Watu wanaandika "korosho nzima kilo moja bei", "korosho mbichi zilizobanguliwa", "korosho za mtwara jumla". Nikabadilisha kichwa kikawa Korosho nzima za kukaanga, kilo 1, kutoka Mtwara. Daraja la W320 nikalishusha chini na maelezo yake, kwamba ni punje 300 hadi 320 kwa ratili, maana wanaolijua ni wafanyabiashara wenzangu.

Picha nazo zilikuwa na majina yale yale ya WhatsApp, tarehe na saa. Nikazipa majina ya kilichomo, na kila moja nikaiandikia sentensi ya kuieleza. Maelezo niliyonakili kwa muuzaji mwingine (ndiyo, nilinakili) nikayatupa nikaandika ya kwangu: zimetoka Newala, zimekaangwa kwa chumvi bila mafuta, pakiti hufungwa siku ya kusafirisha, mzigo hupanda basi la alfajiri.

Ukurasa ule ulikuwa nafasi ya 31 kwa wastani, sasa uko ya 8. Oda ya kwanza kutoka Google ilikuwa ya mama mmoja wa Dodoma, kilo tano. Tangu hapo napata mbili, tatu kwa wiki. Si utajiri, ila sijalipia tangazo.

Kasoro zipo. Kwangu kila kitu kimekuja kwa Kiingereza, na kwenye simu lile jedwali linakatika upande. Takwimu huchelewa siku moja mbili. Kitufe cha kuomba ukurasa uorodheshwe hakikuahidi chochote, ukurasa mmoja niliuombea mara tatu ndipo ukaingia. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana hufichwa. Tena hesabu inaishia mtu alipobofya, kama alinunua au alichungulia tu hakikuambii, kwa hiyo bado namuuliza kila mteja, "Umenipata wapi?"

Naipa Search Console nyota nne kati ya tano.

Juzi kwenye lile jedwali nikakuta watu wameandika "mabibo makavu". Siuzi mabibo makavu. Nimeanika sinia mbili juu ya bati, tuone.