Rivolva ya mtumba: uzoefu wangu na Smith & Wesson Model 10

Natumia Smith & Wesson Model 10 niliyoinunua ikiwa imetumika, hapa Texas, kwenye duka lenye leseni. Kwa sura ilikuwa imechoka. Rangi yake ya buluu iliyokolea imefutika mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda inayobeba risasi, na mpini wa mbao una mikwaruzo upande mmoja tu. Mikwaruzo hiyo ndiyo iliyonivuta. Ni alama za ala, ule mfuko wa kiunoni wa kubebea bastola: bastola ya askari au mlinzi hushinda kiunoni miaka mingi, ikigonga mlango wa gari na kiti, lakini risasi hupiga siku za mazoezi tu. Idara za polisi za Marekani zilipohamia bastola za magazini katika miaka ya 1980 na 1990, rivolva nyingi za aina hii ziliingia sokoni zikiwa hivyo hivyo, kuukuu kwa nje na bado nzima ndani.

Pembeni yake kabatini kulikuwa na nyingine ya toleo hilo hilo, inang'aa, na bei yake iko juu. Hiyo sikuitaka. Nyundo na vifyatulio vya Smith & Wesson za zamani vilitoka kiwandani vikiwa na mawingu ya kijivu na kahawia, lakini ile ilikuwa buluu kila mahali, mpaka nyundo. Maandishi ya ubavuni yalikuwa yamefifia, na kingo za matundu ya skrubu zimelainika. Imesuguliwa na kupakwa rangi upya, na chini ya rangi hiyo huwezi kujua kutu ilikula kiasi gani. Kwangu mimi rangi mpya hupunguza bei, haiongezi.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji karakana. Silinda hufunguliwa kwanza, vyumba vyote 6 vionekane vitupu, kisha unamwomba mwenye duka ruhusa ya kujaribu mitambo, maana wengine hawapendi nyundo ipigwe bila risasi. Nilivuta nyundo polepole kwa kidole gumba. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, ujue kile kidole cha chuma kinachoizungusha kimelika, au meno yanayosukumwa nacho. Rudia kwa kila chumba, kwa sababu kimoja kinaweza kuchelewa huku vingine 5 viko sawa. Nyundo ikiwa imekaa nyuma, isukume mbele kwa gumba: ikianguka bila kifyatulio kuguswa, hiyo ni hatari, irudishe kabatini.

Baada ya hapo nilishika silinda na kuisukuma mbele na nyuma. Hapa ndipo matumizi ya kweli hujitaja, kwa kuwa mchezo wa aina hii, yaani kulegea, huongezeka kwa kupiga, si kwa kubeba. Yangu ilikuwa na mchezo kidogo. Mwanya kati ya silinda na mtutu niliupima kwa vijisahani vile ambavyo mafundi wa magari hupimia vali. Wengi huridhika ukiwa kati ya milimita 0.10 na 0.25, na huu ulikuwa humo. Mwisho tochi: ndani ya mtutu mifuo inayozungusha risasi ilikuwa na makali yake, na mdomo wa nyuma, pale risasi inapoingilia, hauna ufa. Mstari unaozunguka silinda usikutishe, ni wa kawaida. Cha kutazama ni vile vishimo vya kufungia: chuma kikiwa kimepondeka pembeni mwake, bastola hiyo imefanyishwa kazi kwa pupa.

Kwa sababu ya ule mchezo nilipunguziwa bei, na fundi wa silaha akaumaliza kwa kuweka shimu, yaani kijipete chembamba cha chuma. Tangu hapo haijanisumbua. Ina uzito wa karibu kilo moja, risasi yake, aina ya .38 Special, haina teke kali, na kifyatulio ni laini kuliko cha bastola yoyote mpya niliyowahi kushika. Anayetaka silaha ya kujifunzia shabaha, naipendekeza kwa moyo mweupe.

Mimi pia nimeuza Glock 22, bastola ya magazini, iliyotoka polisi. Mnunuzi aliuliza imepiga risasi ngapi. Hakuna anayeandika hesabu hiyo, kwa hiyo nilimfungulia badala ya kumpa namba: reli za fremu, springi ya kurudisha, uso unaopokea ganda. Vilengeo vyake vya tritiamu, gesi yenye mionzi inayovifanya ving'ae gizani, vilikuwa vimefifia, na mwanga huo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, basi umri aliuona mwenyewe. Sikuisugua wala kuipaka kitu, niliisafisha tu. Kwa kuwa alikuwa mkazi wa Oklahoma, sheria ya shirikisho haikuniruhusu kumkabidhi mkono kwa mkono. Ilipitia kwa muuzaji mwenye leseni huko kwao, akajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, rekodi zake zikachunguzwa, ndipo akaichukua.