Nguzo ya kukunja getini kwangu, miezi saba jirani na stendi

Naishi nyuma ya stendi ya mabasi hapa Mtwara, umbali wa kuwasikia wapiga debe kutoka kitandani. Mwenye kuishi huku anaijua adha yenyewe. Mabasi ya Dar yanatoka alfajiri, wasindikizaji wanakuja na magari, na wengi hawataki ushuru wa geti la stendi, basi wanapaki mlangoni kwa mtu. "Dakika mbili tu, kaka." Wengine wala hawasindikizi, wanasafiri wao wenyewe, na gari linakaa hapo siku tatu. Msimu wa korosho ukifika, ndiyo usiseme.

Nilianza na mawe ya kupaka chokaa. Yakasogezwa. Nikaweka tairi bovu, likaibwa (sijui la kufanyia nini). Nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: USIPAKI, GETI LINATUMIKA. Jamaa mmoja akaiweka Noah yake chini kabisa ya maandishi hayo, siku ambayo mama watoto alitakiwa kuwahi hospitali. Akaenda kwa bajaji, mimi nikabaki kumsubiri mwenye gari. Tuliyoambiana sitayaandika hapa.

Nilifikiria mnyororo wa kufunga tairi. Jirani yangu alishajaribu, na aliyeishia kujieleza polisi ni yeye mwenye geti. Gari linaloziba njia ni kazi ya trafiki, siyo yako. Ila trafiki naye saa kumi na moja alfajiri utampata wapi?

Ndipo nikamwendea fundi wa kuchomelea. Alinitengenezea nguzo mbili za bomba la inchi mbili, zina bawaba chini, zinalala ukitaka kupita na zinafungwa kwa kufuli zikisimama. Elfu themanini na tano zote mbili, na zege juu yangu.

Kabla ya kuchimba nikapita kwa mwenyekiti wa mtaa, na hili ndilo lililoniokoa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Hizo unazichimbia wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka. "Hapo ni barabarani. Hizi barabara zetu ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, siyo zako wala zangu. Rudi nyuma ya mpaka wako, hapo hakuna atakayekugusa."

Nikarudi nyuma karibu hatua mbili. Sasa mtu akipaki, pua ya gari inaingia kidogo, inakutana na chuma, dereva mwenyewe anageuza. Tangu wakati huo sijagombana na mtu getini, isipokuwa bibi mmoja aliyedai nimemzuia kuweka kapu lake la samaki. Nikamlazia nguzo moja.

Kasoro zipo. Kufuli la kwanza lilikuwa chini mno, na mchanga wetu huu unaingia kila tundu. Wiki ya tatu ufunguo haukuzunguka. Fundi akapandisha tundu la kufuli hadi usawa wa goti, bure, baada ya kumpigia simu mara nne. Pili, upepo wa bahari. Rangi aliyopaka ilikuwa ya mapambo tu, masika yalipoisha bawaba zilishashika kutu. Sisitiza rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu ya juu, na utie grisi kila mwezi. Tatu, usiku hazionekani. Shemeji yangu alizivaa na pikipiki, akachubuka goti na kunitukana mpaka asubuhi. Nimezizungushia utepe unaong'aa.

Kama gari lako linalala nje ya uzio, usinunue, hazitakusaidia kitu. Kwa mwenye geti la kuingizia gari ninampa fundi nyota nne. Ya tano ameipoteza kwenye rangi.

Jirani wa mnyororo naye ameagiza zake juzi. Kaambiwa laki moja.