Programu za kusafisha picha za RAW: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Zamani picha ilisafishwa chumba cha giza. Leo chumba hicho ni kompyuta, na filamu yenyewe ni faili la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa: CR3 kwa wenye Canon mpya, NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony. JPEG hubeba ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Ndiyo maana uso wa bwana harusi uliomezwa na kivuli bado huokoleka.

Kwa ubora wa picha peke yake, programu zote nitakazozitaja zinatosha, na mteja hataona tofauti. Kinachozitenganisha ni saa utakazokesha na picha 800 za sendofu moja, na namna utakavyolipa. Nimezipanga kwa hayo mawili, nikimfikiria mpiga picha wa harusi.

Ya kwanza ni Lightroom Classic ya Adobe. Haishindi wenzake kwa rangi, inawashinda kwa mwendo. Unarekebisha picha moja, unamwaga marekebisho hayo kwenye picha 60 za ukumbi uleule, unasonga mbele. Tena inaweza kutambua watu na kuchagua ngozi ya uso peke yake. Bibi harusi mweusi, gauni jeupe pe, nyuma yake taa za zambarau: hapo utaelewa kwa nini watu wanailipia. Ubaya ni malipo. Toleo la 6 la mwaka 2015 ndilo lilikuwa la mwisho kuuzwa moja kwa moja. Tangu hapo ni kwa kadi, mwezi baada ya mwezi au mwaka mzima, hata Ramadhani ambapo simu ya harusi hailii. Soma masharti pia, kwa sababu mpango wa mwaka unaolipwa kidogokidogo una faini ukiuvunja katikati. Ukiacha kulipa, picha zako zinabaki na unaweza kuzitoa kama JPEG, ila sehemu ya Develop, yaani chumba cha giza chenyewe, inafungwa. Na usiichanganye na Lightroom isiyo na neno Classic: hiyo imejengwa juu ya kuhifadhi picha mtandaoni, na bando lako halitafika mwisho wa albamu.

Ya pili, na najua wapo watakaoguna, ni darktable. Ni ya bure kabisa, ipo tangu 2009, na inakubali Windows, Mac na Linux. Wengi huifungua, huona msitu wa vitufe, hukimbia. Kazi yangu nyingi pale haivuki moduli (vifaa vya kurekebishia) nne au tano: mwanga, rangi, kukata, kufuta chenga za picha za gizani, na ukali. Nayo pia hunakili marekebisho kwa picha nyingi. Itakuuma kichwa wiki mbili hivi, baada ya hapo hudaiwi na mtu. Mwenzake wa bure, RawTherapee, nampenda kwa picha moja ya kutundikwa ukutani, si kwa harusi nzima.

Capture One ya Denmark naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Kama unapiga bidhaa au mitindo studio, ipandishe iwe ya kwanza: unaunganisha kamera kwa waya, picha inatua kwenye skrini papo hapo, mteja anachagua akiwa amesimama pembeni yako. Inauzwa kwa leseni ya kudumu au kwa usajili.

DxO PhotoLab ya Ufaransa inanunuliwa mara moja. Kwa chengachenga za ISO 6400, yaani kamera ikipandishiwa wepesi wa kunasa mwanga gizani, sijaona mfagio mzuri kuliko DeepPRIME yake, lakini bila kadi ya michoro yenye nguvu picha moja inaweza kukuweka dakika kadhaa. Hakikisha kwanza kamera na lenzi yako zimo kwenye orodha yao.

Kabla ya zote hizo, jaribu ya mtengenezaji wa kamera yako: Digital Photo Professional ya Canon, NX Studio ya Nikon, Imaging Edge ya Sony. Ni za bure, na rangi zinatoka kama ulivyoziona nyuma ya kamera. Kwa picha 30 za ubarikio zinatosha. Kwa 800 utalala mezani.

Za kuchakachua? Niliwahi kuwekewa moja kwa flashi dukani. Ilikuja na virusi, nikazungushana na maharusi wiki tatu. Na toleo la zamani, liwe la halali au la wizi, halifungui faili za kamera iliyotoka baada yake. Kwa Lightroom kuukuu dawa ni Adobe DNG Converter, ya bure, inayogeuza faili hilo kuwa DNG, aina ya RAW ambayo Lightroom hiyo kuukuu huifungua.

Za kulipia zina muda wa majaribio. Usiujaribie picha za ufukweni saa kumi na moja jioni. Chukua picha 50 za ukumbi wenye giza, weka saa mezani, uone zinaisha saa ngapi kwenye laptopu hiyohiyo uliyonayo.