Pikipiki ya stima: mafuta nimeokoa, lakini betri si yangu

Niseme mapema kabisa, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo kama unataka habari za mota na spidi yake nenda kaziangalie kwingine, ziko tele. Mimi ni mtu wa boda hapa Kisauni, nimeendesha Boxer, pikipiki ya petroli, miaka na mikaka, sasa niko na hii ya betri ambayo bado nailipa kidogo kidogo kila siku. Kampuni siitaji, bado wameshika deni langu.

Juzi juzi hapa nilikuwa na mteja wangu wa kudumu, mama karanga mmoja, wale wa kukaanga samaki, asubuhi namchukua kule Bamburi wavuvi wanakoshusha samaki namrudisha kwake na ndoo yake. Betri imeshuka, iko asilimia nane tisa hivi, nikamwambia mamangu hebu tuingie kituo cha betri hapa nibadilishe ni dakika mbili tu. Na hiyo dakika mbili ni kweli siwezi kuwasingizia, unatoa iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unalipa kwa simu, umeondoka. Siku hiyo kijana wa pale anaingiza namba yangu anasema imefungwa, hujalipa ya jana. Nimelipa! Ujumbe huu hapa, saa imeandikwa, pesa imetoka. Hata hakuutazama. Kaweka visikilizi, kimoja ndani ya sikio kimoja kinaning'inia, anachezea simu yake, ananijibu "mimi si sistimu, piga ofisi."

Napiga ofisi, muziki. Nangoja, muziki tena, halafu binti anapokea ananiuliza umejaribu kufunga apu na kuifungua? Dada, mimi niko juani na abiria, apu nimeifungua mpaka simu imepata joto. Nikamrudia yule kijana kwa upole kabisa, nikamwambia ndugu yangu nipe hata yenye nusu nimfikishe huyu mama halafu nirudi tumalize maneno. Akacheka. Si kicheko cha ubaya sana, lakini kilinichoma, kile cha mtu anayejua huna pa kwenda. Maana kweli huna, betri ya kampuni ile nyingine haiingii kwenye pikipiki hii, hata ukiwa na pesa mkononi na kituo chao kiko ng'ambo ya barabara.

Mama wa watu amekaa na ndoo miguuni, barafu inayeyuka, maji ya samaki yanatiririka hadi kwenye tairi langu, mwisho akaniambia, "Mwanangu, hawa samaki hawana sistimu, wanaoza." Akasimamisha Boxer iliyokuwa inapita. Wallahi ndoo nilimpandishia mwenyewe. Akaunti yenyewe ilifunguka baadaye sana, bila mtu kunieleza chochote, ikaja meseji ya "tunaomba radhi kwa usumbufu", na pesa ya kubadilisha nikakatwa kamili kama kawaida.

Sasa hesabu, kwa sababu kwenye steji kila siku naulizwa kipi nafuu na watu wanataka jibu la neno moja.

Boxer kwa siku ya kawaida ilikuwa inakula mafuta ya kama mia sita, ukipata watu wa Mtwapa inapita hapo, na hapo sisi Mombasa tunanunua nafuu shilingi chache kuliko Nairobi kwa vile meli zinashusha kwetu. Mwaka 2023 petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, na ushuru wa VAT juu ya mafuta ukatoka asilimia 8 hadi 16, kuna jioni nilikuwa narudi nyumbani na pesa ya unga tu, nauli hupandishi maana mteja naye hana. Juu ya hayo uweke oili kila wiki mbili, plagi, kebo ya klachi, kabureta ikiingia maji mvua ya masika ikishika. Fundi wangu nilikuwa namuona kuliko ndugu zangu.

Hii ya stima oili hakuna, plagi hakuna, klachi hakuna. Nabadilisha betri mara mbili kwa siku, tatu kazi ikiwa nyingi, na hata nikiweka tatu bado mia mbili hivi inabaki mfukoni ambayo zamani ilikuwa inaenda petroli stesheni. Breki, tairi na cheni ni zile zile. Kwa hivyo kwa karatasi stima imeshinda, tena si kwa kidogo, mtu asikudanganye.

Lakini karatasi haioni foleni. Stima ikipotea mtaani, kituo hakichaji, mnajazana hapo pikipiki kumi na kitu mnagombania betri zilizobaki, na hizo zilizobaki unapewa ya asilimia sabini unalipia kama iliyojaa. Wakati wa zile giza za nchi nzima, Agosti na Desemba 2023, bado nilikuwa na Boxer, nilikuwa nabeba watu kama sikukuu. Siku hizi nikisikia stima imeenda, kabla ya kufikiria maji ya friji nafikiria betri.

Halafu kuna hili linaniuma kuliko lile la kijana. Pikipiki nikimaliza deni ni yangu, betri haitakuwa yangu hata siku moja. Boxer yenye logibuku safi, ile hati ya umiliki, naiuza leo kabla ya adhuhuri, hapo hapo steji. Hii nitamuuzia nani? Bila betri ni chuma cha kuanikia nguo. Na bei ya kubadilisha wanapanga wao, inakuja kwa meseji usiku, asubuhi imepanda. Mafuta yakipanda angalau tunajua ni tarehe 14 ya mwezi, EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanatangaza, nchi nzima inalaani kwa pamoja, na ukikosana na petroli stesheni hii unaenda ile. Kenya Power wana bei maalumu ya kuchaji vyombo vya stima tangu 2023, usiku inashuka nusu. Mbona huo unafuu sijauona? Nimeuliza. Muziki.

Kwa hivyo nilitaka kuandika usinunue. Nilikuwa nimeshaandika kabisa nikafuta, kwa sababu jana nimefanya kazi kutwa, kituo kilikuwa kitupu, betri zimejaa, jioni nahesabu pesa nikaona ile tofauti tena, na mgongo hauumi kwa sababu ile mitetemo ya injini haipo. Nikatulia. Leo asubuhi napita pale nakuta yule kijana, visikilizi vile vile, ananiambia "mzee, leo umelipa?" Hasira zote zikarudi.

Kama una kazi ya karibu karibu, Nyali, Kongowea, Bombolulu, na vituo viko njiani kwako, chukua tu, mfuko utaona. Kama abiria wako ni wa Kilifi huko, kaa na petroli yako. Na ikija ile ya Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi kubeba abiria, basi mjadala umekwisha, ila serikali iwalazimishe kwanza betri ziingiliane.

Yule mama siku hizi anapanda ile Boxer. Ananisalimia vizuri, lakini hapandi.

Mwenye Boxer ya kuuza yenye logibuku safi upande huu wa Kisauni aniambie bei. Na mwenye kujua kama hawa jamaa wanakupunguzia ukimaliza deni mapema naye aniambie, sijaamua bado.