Muuguzi wa kufunga vidonda nyumbani, Bukavu: nyota 4

Naandika kwa wenye mgonjwa aliyewekwa mpira wa kutoa nyongo. Papa, yaani baba yetu, ana saratani ya njia ya nyongo, na sisi tulimchukua kijana mmoja muuguzi wa Kadutu, ni miezi sita sasa, mara tatu kwa wiki, dola 5 kila akija. Gozi na plasta unanunua mwenyewe. Mvua ikinyesha usimngoje kabla ya saa nane, maana motari (madereva wa pikipiki) wengi wanakataa kupanda huku kwetu Panzi kwenye tope.

Kazi yake sasa. Ananawa, anavaa glavu, anasukuma maji ya chumvi kwenye mpira polepole, anapima nyongo iliyo mfukoni na kuiandika kwenye daftari. Papa alikuwa anauonea haya ule mfuko. Kijana akamwonyesha namna ya kuufunga chini ya koti, na Jumapili hiyo mzee akaenda misa.

Mwezi wa nne, kando ya tundu la mpira, kikatokea kivimbe kigumu kama punje ya haragwe. Kituo kimoja cha afya wakasema ni usaha, wakataka kukipasua. Yeye akatuzuia: hakina joto, hakiumi, hakibonyei, kipimwe kwanza. Kipande kikaenda maabara. Saratani ileile ya njia ya nyongo.

Mimi nilidhani saratani husafiri kwa damu tu. Akatuchorea kwenye jalada la daftari: mpira unaingia kwenye ngozi, unapita kati ya mbavu, unatoboa ini mpaka palipo uvimbe. Chembe zinaweza kuufuata mpira na kuota chini ya ngozi. Haiwapati wengi. Ipo njia nyingine, ya kupitia mdomoni kwa kamera, isiyotoboa ngozi wala ini, ila uvimbe ukiwa juu, pale njia za nyongo zinapotokea kwenye ini kama wa Papa, si kila mara inafaulu.

Hospitali iliyomwekea mpira haikututajia hata neno moja la haya. Tungekubali tu, hilo nalisema wazi: kabla ya mpira Papa alikuwa manjano mpaka macho, anajikuna hadi kunakucha. Lakini tungekuwa tunaipapasa ile ngozi kila wiki.

Kivimbe kimekatwa, na kijana bado anakuja. Nyota ya tano naishika mpaka aniandikie risiti za mwezi uliopita. Mdogo wangu wa Uvira, anayetuma nusu ya pesa, anadai hesabu.